Chapa ya udongo
Wapo wanaokataa kumwita mchonga mabamba "msanii wa chapa", wakidai neno hilo limezoea viwanda, magazeti na mapaja ya ng'ombe. Wanasahau kwamba chapa, neno lililotufikia kutoka Bara Hindi, ni alama inayoachwa na mgandamizo. Karatasi si sharti. Tazama Vallauris, kusini mwa Ufaransa, ambako Pablo Picasso alifanya kazi kuanzia mwaka 1947 katika karakana ya ufinyanzi ya Madoura. Alichonga michoro kwenye kalibu za plasta, udongo mbichi ukakandamizwa humo, na sahani ikatoka na mchoro wake umeinuka. Huo ni ufinyanzi, na ni chapa vilevile.

Pingamizi zito zaidi ni la nakala: kitu kilichorudiwa kitaitwaje kazi asilia? Nionavyo, uasilia wake umo katika kalibu, pale mkono wa msanii ulipoamua kila mstari. Na Madoura wenyewe waligonga nyuma ya vyombo hivyo mhuri wa kuvitambulisha kuwa chapa asilia za Picasso. Wahariri wa kurasa za sanaa waandike "chapa za udongo" bila kusita.