Chimbuko la ontolojia za vitisho vya mtandaoni

Katika fani ya kompyuta, ontolojia ni maelezo rasmi ya vitu vya uwanja fulani na namna vinavyohusiana, yaliyoandikwa kwa lugha ambayo mashine inaweza kuitumia kufikia hitimisho. Walinzi wa mitandao waliifikia kwa kuchoshwa na vurugu ya majina. Katika miaka ya 1990 udhaifu uleule wa programu uliitwa hivi na chombo kimoja cha ukaguzi na vile na kingine. Mwaka 1999 taasisi ya MITRE ya Marekani ilianzisha orodha ya CVE, ikiupa kila udhaifu utambulisho mmoja; ilianza na udhaifu 321. Vurugu ilipungua sana, lakini orodha haielezi nani ameutumia udhaifu huo, wala dhidi ya nani.

Mwaka 2003 Jeffrey Undercoffer, Anupam Joshi na John Pinkston, wa Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, walichapisha ontolojia ya mashambulizi ya kompyuta. Mfano wao mmoja ni shambulio linalojulikana kwa jina la Mitnick. Mshambuliaji huifurikisha seva kwa maombi ya kuunganishwa hadi ishindwe kujibu, kisha hujifanya ndiye seva hiyo mbele ya kompyuta inayoiamini, akibashiri namba za mfuatano wa mawasiliano. Kitambuzi kimoja cha mashambulizi huona mafuriko. Kingine huona muunganisho ambao kwa sura ni halali kabisa. Ontolojia inayojua kwamba kompyuta ya pili inaiamini ile iliyozibwa mdomo huyaunganisha matukio hayo kuwa shambulio moja. Uwezo huu wa kufikia hitimisho kutoka matukio yaliyotawanyika ndio thamani kuu ya ontolojia.

Mwaka 2012 MITRE ilitoa STIX, muundo wa kubadilishana taarifa za vitisho, ambao mwaka 2015 ulihamia shirika la viwango la OASIS. Toleo la pili liliacha muundo wa data wa XML likachukua ule wa JSON, na uhusiano wenyewe, kwa mfano kundi hili linatumia programu hasidi ile, ukawa kitu kinachoandikwa peke yake. Hata hivyo STIX haikubeba kanuni za kufikia hitimisho. Pengo hilo lilishughulikiwa mwaka 2016 na ontolojia ya UCO, iliyotoka chuo kilekile cha Baltimore.

Majina ya makundi ya wadukuzi yamekuwa magumu kuliko yale ya udhaifu. Kundi la APT28 huitwa pia Fancy Bear na Sofacy. Microsoft ililiita STRONTIUM, na tangu 2023 Forest Blizzard. Kila kampuni huona sehemu tu ya nyendo za kundi, hivyo mipaka ya majina hayo hailingani kikamilifu, na kuyahesabu kuwa kitu kimoja huifanya mashine itoe hitimisho lisilo na ushahidi.