Kitabu Kilichokataliwa Mara Mbili

Katika parokia zetu wako watu wanaotunga hadithi. Wanaandika usiku, kazi za mchana zikiisha, katika daftari la shule. Halafu wanapeleka kazi yao kwa watoa vitabu, wanangoja miezi mingi, na mwisho wanapata barua fupi: hatuwezi kupokea kitabu chako. Wengine hawapati hata barua. Mwenye kupata jibu la namna hii huona kwamba ametupwa yeye mwenyewe, si makaratasi yake tu. Kwa ajili ya hao tunataka kusimulia habari za mtu mmoja wa Sisilia, kisiwa kikubwa cha Italia.

Jina lake Giuseppe Tomasi di Lampedusa. Alizaliwa mjini Palermo tarehe 23 Desemba 1896, katika ukoo wa watawala wa zamani. Katika ukoo huo alitoka Kardinali Giuseppe Maria Tomasi, aliyefariki mwaka 1713, na ambaye Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1986. Lakini siku za Giuseppe wetu mali ya ukoo ilikuwa imekwisha. Mwaka 1943, wakati wa vita, mabomu yalibomoa jumba la wazazi wake. Hakujaliwa mtoto. Kazi yake ilikuwa kusoma: vitabu vya Waitalia, vya Wafaransa, vya Waingereza. Kuandika, alikuwa ameandika makala machache tu ya gazeti, zamani za ujana wake.

Ilikuwaje basi akashika kalamu? Binamu yake, Lucio Piccolo, alikuwa ametunga mashairi, akampelekea mshairi mkubwa Eugenio Montale. Bahasha ilikuwa na tembo pungufu, hata Montale akalazimika kulipa lira 180 posta. Alilipa, akasoma, akapendezwa. Mwaka 1954 Piccolo aliitwa katika mkutano wa waandishi huko San Pellegrino, kaskazini ya Italia, na Giuseppe akamsindikiza. Kule aliwaona waandishi kwa macho yake. Baadaye alimwandikia rafiki yake kwamba aliona yeye si mjinga kuliko binamu yake; ndiyo sababu akakaa mezani, akaanza kuandika. Alikuwa na miaka karibu 58.

Kitabu chake kinaitwa Il Gattopardo, maana yake mnyama wa jamii ya chui, ambaye ni alama ya ukoo unaosimuliwa ndani yake. Kinaanza pale Rozari ya kila siku inapomalizika katika nyumba ya mkuu mmoja wa Sisilia, mwaka 1860, Garibaldi alipofika kisiwani na askari wake na utawala wa kale ukaanguka. Mkuu yule anaona dunia ya wazee wake inapita, naye hawezi kuizuia.

Francesco Orlando, kijana aliyekuwa akifundishwa na Giuseppe maandishi ya Waingereza, alimsaidia kuyapiga makaratasi kwa mashini. Mwaka 1956 yakapelekwa Milano, kwa nyumba ya kutoa vitabu ya Mondadori. Mwezi wa Desemba jibu likaja: hapana.

Tazameni sasa alilolifanya mzee huyu. Hakuyachoma makaratasi. Mwanzoni mwa mwaka 1957 alikaa akakiandika kitabu chote tena kwa mkono wake mwenyewe, akampa Gioacchino Lanza, kijana wa jamaa yake ambaye alikuwa amemfanya mwana. Tena aliandika hadithi nyingine fupi, na akaanza kitabu cha pili. Il Gattopardo kikapelekwa kwa nyumba nyingine, Einaudi ya Torino.

Katika miezi hiyo waganga wakamwona ana kansa ya mapafu. Akaenda Roma kutafuta dawa. Huko, mwezi wa Julai, barua ya Elio Vittorini ikamfikia. Vittorini alikuwa mwandishi maarufu, naye pia mzaliwa wa Sisilia, na ndiye aliyewachagulia Einaudi vitabu vya waandishi wapya. Barua yake haikuwa na matusi. Alikiri kwamba kitabu kimeandikwa kwa moyo wa kweli, lakini kwake kilionekana cha mtindo wa zamani. Yeye alitafuta njia mpya za kuandika. Kitabu hiki hakikuwa na nafasi katika mpango wake. Siku chache baadaye, tarehe 23 Julai 1957, Giuseppe Tomasi akafariki. Alikuwa na miaka 60. Jibu la mwisho alilolipata duniani juu ya kitabu chake lilikuwa hapana.

Alikuwa ameacha barua ya wosia. Aliomba jamaa wajitahidi kitabu kitolewe. Lakini akaongeza neno moja: wasilipe fedha zao ili kipigwe chapa, kwa kuwa hilo lingekuwa aibu kubwa kwake.

Kumbe makaratasi mengine yalikuwa yamekwisha kufika mikononi mwa Elena Croce huko Roma, bila jina la mtungaji. Yeye akampa Giorgio Bassani, aliyekuwa akiitafutia nyumba ya Feltrinelli vitabu. Bassani alisoma, akatambua thamani yake, akauliza ni nani aliyeandika, akasafiri mpaka Palermo kutafuta maandishi kamili. Mwezi wa Novemba 1958 kitabu kilitoka. Mwaka 1959 kilipewa tuzo ya Strega, yenye heshima kubwa kwa hadithi za Waitalia. Tangu hapo kimegeuzwa katika lugha nyingi, na mwaka 1963 Luchino Visconti alikifanya sinema.

Sisi hatusemi kwamba kila kitabu kilichokataliwa ni kizuri. Vingine vimekataliwa kwa haki, na afadhali mwenyewe avitengeneze upya. Wala hatumhukumu Vittorini, alisema alivyoona. Lakini neno lake lilikuwa neno la msomaji mmoja. Wasomaji wawili wenye akili walisoma makaratasi yale yale, mmoja akayarudisha, mwingine akapanda gari kuyatafuta.

Wengine watasema: heshima ile ilimfaa nini, naye yu kaburini? Ni kweli, hakuiona, nasi hatuwezi kulipunguza jambo hilo. Lakini miezi ile ya mwisho hakuitumia kwa uchungu. Aliandika, aliiweka kazi yake katika mikono ya watu aliowaamini, wala hakutaka heshima ya kununua. Hayo yote aliyafanya kabla ya kujua mwisho, na hata kama kitabu kisingetoka kamwe, yangebaki mema.

Basi, ndugu uliyepata barua ya kukataliwa, usichome daftari lako. Akiba haiozi. Soma tena, tengeneza palipo na kosa, mpe mwingine asome, na uanze hadithi ya pili. Nawe unayeletewa kazi ya mwenzako, usiirudishe kabla ya kuisoma. Labda tembo ni pungufu, labda hata jina halimo. Lakini Mungu hugawa vipaji vyake bila kutuuliza sisi kwanza.