Pori Lililokuwa na Wenyewe

Abiria wa treni ya Tazara hupata bure kile ambacho mgeni wa kutoka Ulaya hukilipia mamia ya dola kwa siku. Treni ikishaiacha Dar es Salaam nyuma na kuikaribia Kisaki, reli hukata ukingo wa kaskazini wa pori, na watu husogea madirishani: twiga wale, nyumbu wale, na mwenye bahati humwona tembo. Kusini mwa reli hiyo linaanza eneo ambalo kwa karibu karne nzima liliitwa Pori la Akiba la Selous. Sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Katika upana wake wa zamani pori hilo lilikuwa na kilomita za mraba zipatazo 50,000, karibu sawa na Rwanda na Burundi zikiunganishwa.

Wauza safari hulinadi kama nyika ambayo haijawahi kuguswa na binadamu. Si kweli, na mtu anayelipenda pori hili hana sababu ya kuogopa kusema hivyo. Palikuwa na vijiji, mashamba, njia za misafara na makaburi ya mababu. Pori tunaloliona leo limetokana na vita, njaa, maradhi na amri za serikali, na kila kimoja kati ya hivyo kina tarehe yake.

Katika karne ya 19 nchi iliyo kati ya mto Rufiji na Liwale ilikuwa ya Wangindo na majirani zao. Walilima mtama na mpunga, wakahama shamba linapochoka, wakarina asali na kugema mpira wa mwituni. Nta na mpira viliteremshwa hadi Kilwa kuuzwa. Njia hizohizo zilipitisha mambo mazito zaidi: misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa iliyotoka pande za Ziwa Nyasa kwenda Kilwa Kivinje. Wangoni nao walivamia kutoka kusini magharibi. Kwa hiyo watu walikaa katika vitongoji vidogo vilivyotawanyika na kujificha msituni, na mtawala wa kigeni aliyepita baadaye angeweza kudhani hakuna mtu.

Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, ndiye yuleyule aliyekuwa ameyazima mapambano ya Bushiri pwani, alitoa amri ya kulinda wanyamapori. Uwindaji ukawa wa kibali na ada, na maeneo ya kwanza ya akiba yakatengwa, moja likiwa upande wa Rufiji. Wazee wengi wa kusini huliita pori hilo Shamba la Bibi, na husimulia kwamba Kaisari wa Ujerumani alimzawadia mkewe. Iwe ilikuwa hivyo au la, masimulizi hayo yanaonyesha jinsi wenyeji walivyoielewa sheria mpya: ardhi ilikuwa imepata mwenyewe mwingine, tena aliye mbali. Mkulima aliyezoea kuwatega nguruwe wanaochimbua shamba lake, au kumfukuza tembo kwa bunduki ya baruti, sasa angeweza kuhesabiwa mhalifu. Wapo wanahistoria wanaoitia sheria hiyo katika orodha ya mambo yaliyowachosha watu kabla ya vita ya Maji Maji, pamoja na kodi na pamba ya kulazimishwa.

Na Maji Maji ilianzia hapohapo kando ya pori. Kijiji cha Ngarambe, alikokaa mganga Kinjikitile Ngwale na walikomiminika watu kupokea maji ya dawa, kinapakana nalo hadi leo. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba ya serikali. Agosti, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro, lakini maji yalikuwa yamekwisha kusambaa, na Wangindo ndio walioyabeba kuelekea magharibi na kusini. Boma la Liwale likaanguka mwezi huohuo.

Jibu la Wajerumani lilikuwa la kutisha. Waliposhindwa kuwapata wapiganaji msituni, walikiandama chakula. Maghala yalichomwa, mashamba yakaharibiwa, mbegu zikachukuliwa. Makadirio ya wanahistoria wa Kitanzania hufikia watu 300,000 waliokufa kusini mwa nchi, wengi wao kwa njaa. Mahali palipolimwa pakamezwa na vichaka, vichaka vikaleta ndorobo, na ndorobo akaja na malale na kuwazuia watu kurudi na mifugo yao. Tembo walifuata. Hatua ya kwanza ya kulifanya pori hili kuwa pori ilipigwa wakati huo, na waliolipa gharama yake hawakuulizwa.

Halafu ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji hadi ilipoangamizwa Julai 1915, na mizinga yake ikakokotwa nchi kavu kuendeleza vita. Tarehe 4 Januari 1917, karibu na Beho Beho, Mwingereza mmoja mwenye umri wa miaka 65 alipigwa risasi na mdunguaji wa Kijerumani. Alikuwa Frederick Courteney Selous, mwindaji na mwandishi mashuhuri, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ya uwindaji aliipitisha kusini mwa Afrika, hasa katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Mwaka 1922 serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ililipa pori jina lake. Kaburi lake bado lipo, na wageni hupelekwa kuliona. Vita hiyohiyo iliwaua wapagazi wa Kiafrika kwa maelfu mengi, kwa kuhara, homa na mizigo mizito, na hakuna kilima wala korongo la pori hili lililopewa jina la hata mmoja wao.

Hata hivyo Selous ya 1922 ilikuwa ndogo ukiilinganisha na ile iliyokuja kujulikana duniani. Iliyoikuza ni kazi ya miaka ya 1930 na 1940, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie kidogo.

Mwaka 1933 idara ya wanyamapori ilimwajiri Constantine Ionides, mwanajeshi wa zamani ambaye kabla ya hapo aliwahi kuwa jangili wa pembe. Akapelekwa Liwale. Wenyeji walimwita Bwana Nyoka, maana alikamata nyoka kwa mikono na kuwapeleka majumba ya makumbusho ya ng'ambo. Kazi yake rasmi ilikuwa kuwalinda wakulima dhidi ya tembo. Kila mwaka tembo walikula mashamba, kila mwaka askari wa wanyamapori waliua tembo, na tatizo likabaki palepale. Ionides akafikia uamuzi kwamba tembo na watu watenganishwe: tembo wapewe magharibi ya Liwale, watu wasogezwe mashariki.

Malale ndiyo yaliyoufungua mlango. Ugonjwa ulikuwepo kweli na uliua watu. Serikali ilisema dawa yake ni kuwakusanya watu katika vijiji vikubwa, kufyeka vichaka na kuwaweka karibu na zahanati. Lakini vijiji vikubwa kando ya barabara vilikuwa pia rahisi kutoza kodi, na maofisa waliliona hilo waziwazi. Maelfu kwa maelfu ya Wangindo wakahamishwa, kitongoji baada ya kitongoji, hadi magharibi ya Liwale ikabaki tupu. Mipaka ya pori ikasogezwa kuifuata nchi iliyoachwa. Kila uhamisho uliongeza kipande kwenye ramani.

Siwezi kuandika habari hizi kana kwamba ni mambo mepesi ya kuhukumu. Bila uamuzi ule, huenda tembo wa kusini mwa Tanzania wangekwisha zamani, na mbwa mwitu, ambao wamebaki sehemu chache sana barani, wasingekuwa na kimbilio kubwa kama hili. Lakini mtu anayehamishwa kwenye makaburi ya wazazi wake kwa sababu ya ndorobo, kisha akasikia kwamba nchi yake sasa inalindwa kwa ajili ya wawindaji wenye leseni, ana haki ya kuona kwamba alidanganywa.

Baada ya Ionides alikuja mwanafunzi wake Brian Nicholson. Aliligawa pori katika vitalu vya uwindaji, na ada za wawindaji wa kigeni zikalipa barabara na mishahara ya askari. Mwaka 1961, katika Tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, Mwalimu Nyerere aliiahidi dunia kwamba nchi yake itawatunza wanyama hao, na serikali huru iliuendeleza mpango huo. Mwaka 1973 uwindaji wa kitalii ulipigwa marufuku nchini hadi 1978. Fedha zikakauka.

Yaliyofuata yanauma. Hesabu ya mwaka 1976 ilionyesha tembo wapatao 110,000 katika Selous na maeneo yanayoizunguka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki kama 30,000. UNESCO ilikuwa imeitangaza Selous kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1982, lakini cheo hakimzuii jangili mwenye bunduki ya kivita. Mwaka 1989 serikali iliendesha Operesheni Uhai, jeshi likaingia porini pamoja na askari wa wanyamapori, na mwaka huohuo biashara ya pembe ikapigwa marufuku kimataifa. Tembo wakaanza kuzaliana tena. Kisha bei ya pembe ikapanda Asia, na wimbi la pili likaja kubwa kuliko watu walivyotarajia. Hesabu ya mwaka 2013 iliwakuta tembo kama 13,000 tu. Mwaka uliofuata Selous ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini.

Wazo la bwawa la Rufiji lilikuwa linasubiri muda wote huo. Korongo la Stiegler lilipata jina la Mzungu anayesemekana kuuawa na tembo hapo mwaka 1907. Mamlaka ya bonde la Rufiji iliundwa mwaka 1975 ikiwa na ndoto ya umeme, ikakaa nayo miongo mingi. Mkataba wa ujenzi ulitiwa saini Desemba 2018, na Julai 2019 Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la mtambo wa megawati 2,115. Siku hiyo alitangaza pia kwamba pori ligawanywe, na sehemu ya kaskazini iwe hifadhi ya taifa yenye jina la Mwalimu. Kabla mwaka haujaisha, Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ilikuwa imezaliwa kisheria, yenye kilomita za mraba 30,893, kubwa kuliko zote Tanzania. Kusini mwake Selous iliyobaki inaendelea kuwa pori la akiba, na vitalu vyake vya uwindaji.

UNESCO ililalamikia bwawa, serikali ikajibu kwamba taifa haliwezi kukaa gizani. Nchi inauhitaji umeme ule. Wanaonitia wasiwasi ni wakulima wa mpunga wa bondeni na wavuvi wa kamba wa delta, ambao maisha yao yanafuata mafuriko ya mto. Mto ukishafungwa, mafuriko hupangwa na mhandisi, na sauti ya watu wa bondeni, kama wale wa mji wa Utete, inapaswa kusikika mezani pake.

Mgeni anayeingia leo kwa lango la Mtemere, baada ya kijiji cha Mloka, hupewa mambo mazuri kweli: boti mtoni kati ya viboko na mamba, chemchemi za maji moto, Ziwa Tagalala, na mbwa mwitu wakikimbia asubuhi. Ningeomba aongezewe historia. Ngarambe na kijiji jirani cha Tapika leo vina jumuiya yao ya kuhifadhi wanyamapori mpakani mwa hifadhi, na safari ingeweza kuanzia hapo, alipoishi Kinjikitile, kabla ya kufika kaburini kwa Selous. Ramani za hifadhi zingeweza kuonyesha majina ya vitongoji vilivyohamishwa, na mwongoza watalii angeweza kufundishwa kuyataja. Ukiona mwembe umesimama peke yake katikati ya miombo, ujue palikuwa na mji wa mtu.

Majina hayo yapo katika nyaraka za kikoloni, na yapo kwa wazee wa Liwale. Aliyekuwa na umri wa miaka kumi siku jamaa zake walipofunga mizigo sasa amepita themanini, na wengine wamepita tisini. Mwenye kinasa sauti aende mwaka huu.