Reli za Voi na karatasi zilizozijenga

Voi ina stesheni mbili za reli. Ya zamani imo mjini, kwenye njia iliyopita hapa mwishoni mwa karne ya 19. Mpya, ya reli ya SGR, ilianza kazi mwaka 2017. Wageni husimuliwa habari za simba wa Tsavo waliowala vibarua mwaka 1898, kisha wageni hao hupelekwa mbugani. Hawasimuliwi habari za mikataba, ingawa ndiyo iliyoamua nani angelipa.

Reli ya kwanza ililipiwa London. Kampuni ya Imperial British East Africa haikuwa na uwezo wa kuijenga, hivyo mwaka 1896 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kutoa pauni milioni 3. Reli ilipofika Kisumu, Desemba 1901, gharama zilikuwa zimepita pauni milioni 5. Mdawida, mwenyeji wa Taita, ambaye ardhi yake ilikatwa hakuulizwa lolote. Tawi la Taveta lilikuja kwa amri ya vita, bila hesabu ya faida: wanajeshi wa Uingereza walianza kulijenga kutoka Voi mwaka 1915 ili wawafikie Wajerumani, na mwaka 1916 likaungana na reli ya adui huko Kahe.

Miaka 90 baadaye mawakili ndio walioshika usukani. Mwaka 2006 Kenya na Uganda zilikodisha reli hiyo kongwe kwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa miaka 25. Kampuni ilitakiwa kuitunza njia, kuongeza mizigo na kuipa kila serikali asilimia 11.1 ya mapato. Kwenye karatasi, hasara ilikuwa ya mwekezaji. Uongozi ulianza na Sheltam ya Afrika Kusini, ukaishia kwa Citadel Capital ya Misri, malengo yasifikiwe. Mwaka 2017 Kenya ikachukua reli yake, mkataba haujafika hata nusu. Mwekezaji huweza kufunga virago; serikali hubaki na njia iliyochakaa na wafanyakazi wa kulipwa.

Kufikia hapo SGR ilikuwa tayari. Huu haukuwa ubia, ulikuwa mkopo. Mwaka 2009 kampuni ya China Road and Bridge Corporation ilikubaliana na Wizara ya Uchukuzi kufanya upembuzi yakinifu bila malipo, kisha kampuni hiyohiyo ikapewa kazi bila zabuni ya wazi. Mei 2014 Benki ya Exim ya China ilitoa takriban dola bilioni 3.2 kwa mafungu mawili: bilioni 1.6 kwa riba nafuu ya asilimia 2, na takriban bilioni 1.6 kwa riba ya kibiashara. Wakenya tulianza kuulipia mradi kabla hata treni haijaonekana kwenye stesheni ya Miasenyi, kwa tozo ya asilimia 1.5 ya bidhaa za kutoka nje iliyoanza mwaka 2013.

Kiini cha mkataba, kwa maoni yangu, ni swali moja: mizigo isipotosha, nani atalipa? Mamlaka ya Bandari ilifungwa kwa ahadi ya kuipatia reli shehena za kutosha, na pengo likitokea ilitakiwa kuliziba yenyewe. Ndiyo maana Agosti 2019 ikatoka amri kwamba makontena yaende Nairobi kwa reli. Malori yalipopungua barabarani, wauza chakula, mafundi na wenye gesti za Voi, Maungu na Mtito Andei walipoteza wateja kwa sababu ya kipengele ambacho hawakuwahi kukisoma. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitengua amri hiyo.

Kesi ya mwanaharakati Okiya Omtatah na Chama cha Mawakili kuhusu zabuni ya SGR ilichukua miaka tisa. Mahakama Kuu iliitupa mwaka 2014. Juni 2020 Mahakama ya Rufaa ikasema sheria ya ununuzi ilivunjwa. Juni 2023 Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo. Tangu mwaka 2017 treni ilikuwa inapita Voi, kesi ikiendelea. Sehemu za mikataba zilichapishwa Novemba 2022 tu, na ndipo raia wakaona kwamba mgogoro wowote ungesuluhishwa Beijing kwa sheria za China.

Sasa zamu ni ya barabara. Mwaka 2017 Bechtel ya Marekani ilitia saini kujenga barabara kuu ya kilomita 473 kutoka Nairobi hadi Mombasa, lakini mazungumzo yakakwama kwenye suala la malipo: hazina au tozo? Baadaye kampuni ya Everstrong Capital ikaleta pendekezo lake, Usahihi, la barabara ya kulipia chini ya sheria ya ubia ya mwaka 2021. Wakazi wa Taita Taveta wanapoitwa kutoa maoni, wasiishie kwenye fidia ya mashamba. Waulize serikali imeahidi kulipa nini magari yasipotosha, na wadai kuiona ahadi hiyo kwa maandishi kabla ya saini, kwa kuwa Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki hiyo.