Wapiga Ngoma wa Chuka katika Postikadi
Picha ndogo za studio zilizobandikwa juu ya kadi ngumu, ambazo mpiga picha Disdéri alizisajilia hataza mjini Paris mwaka 1854, ziliwaingiza waigizaji wa jukwaani katika albamu za majumbani Uingereza. Karne iliyofuata, wapiga ngoma wa Chuka, kati ya Meru na Embu nchini Kenya, walisambazwa vivyo hivyo kwa postikadi. Mwigizaji wa London alitajwa kwa jina, ilhali wapiga ngoma hawa mara nyingi waliandikiwa kabila tu, jambo la kusikitisha, kwani kucheza huku ngoma ndefu imebanwa mapajani ni ustadi wa mtu binafsi. Mchoraji Joy Adamson, aliyeagizwa na serikali ya kikoloni mwaka 1949 kuchora jamii za Kenya, naye aliwachora wenyeji wa eneo la Chuka wakiwa katika mapambo ya sherehe.