Matibabu ya mapema ya saikosisi

Matibabu ya mapema ya saikosisi ni utaratibu wa kumtambua na kumhudumia mtu mara anapopatwa na saikosisi kwa mara ya kwanza. Hulenga hasa vijana, kwa kuwa ugonjwa huo mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya 20, wakati mtu yuko masomoni au anaanza kazi.

Dalili

Mwenye saikosisi hushindwa kutofautisha mambo halisi na yasiyo halisi. Anaweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuamini kwamba anafuatwa, au kuongea bila mpangilio. Mara nyingi hutanguliwa na kujitenga, kukosa usingizi na kushuka kimasomo, ingawa mabadiliko hayo peke yake hayathibitishi ugonjwa.

Kuchelewa kwa tiba

Wagonjwa wengi hukaa miezi, hata miaka, bila tiba. Familia huweza kudhani ni utukutu wa ujana; katika jamii nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki, husemwa pia kuwa kijana ana majini au amerogwa. Aibu nayo huwafanya wengine wamfiche. Kwa kawaida, kadiri muda huo unavyorefuka ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.

Huduma

Kijana huhudumiwa na kikundi kimoja cha wataalamu. Hupewa dawa kwa kipimo kidogo kinachofaa, ushauri nasaha na msaada wa kurudi shuleni au kazini. Familia yake nayo huelimishwa kuhusu ugonjwa.

Historia na matokeo

Kituo cha EPPIC kilianzishwa mjini Melbourne, Australia, mwaka 1992 chini ya daktari Patrick McGorry, kikaigwa na nchi nyingine. Nchini Marekani, utafiti wa RAISE ulihusisha watu 404 katika kliniki 34. Matokeo yake ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba waliopata huduma ya pamoja waliendelea vizuri kuliko waliopata huduma ya kawaida, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokaa bila tiba kwa chini ya wiki 74.

Hata hivyo, utafiti wa OPUS nchini Denmark, ulioanza mwaka 1998, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya nafuu iliyopatikana katika miaka 2 ya huduma ilikuwa imepotea kufikia mwaka wa 5. Kwa hiyo kuwahi ni muhimu, lakini hakuondoi haja ya kuendelea kumfuatilia mgonjwa.