Nanoteknolojia Dhidi ya Bakteria Viwandani: Vipimo Vifanyike Penye Uchafu

Mlipuko wa listeriosisi ulioikumba Afrika Kusini kuanzia Januari 2017 hadi katikati ya 2018 uliacha wagonjwa 1,060 waliothibitishwa na vifo 216. Uchunguzi wa vinasaba uliufuatilia ugonjwa hadi kiwanda cha poloni, aina ya soseji, mjini Polokwane. Poloni hupikwa, na upishi sahihi humuua Listeria monocytogenes, bakteria anayesababisha ugonjwa huo. Hatari hurudi nyama inapopoa, inapokatwa na kufungashwa. Bakteria huyu huzaliana hata kwenye nyuzi 4 za jokofu, tena hujijengea utando unaonata kwenye mifereji ya sakafu, mikanda ya mashine na maungio ya mabomba. Klorini huishiwa nguvu kabla ya kuupenya utando huo wote.

Hapo ndipo nanoteknolojia inapopigiwa debe. Chembe za fedha zenye upana wa nanomita 1 hadi 100 huchanganywa kwenye rangi, plastiki au mpira wa vifaa. Kadiri chembe zinavyokuwa ndogo, ndivyo gramu ileile ya fedha inavyopata uso mpana zaidi wa kuachilia ioni. Ioni hizo hung'ang'ania salfa iliyomo kwenye protini za bakteria, zikavuruga vimeng'enya vyake mpaka afe. Ufanisi huu ni wa kweli. Ninachopinga ni kuuhamisha kutoka maabara hadi kiwandani bila kuupima upya.

Sababu ya kwanza ni ya kikemia. Ioni ya fedha haibagui salfa ya bakteria na ile ya protini za nyama au maziwa. Ikikutana na kloridi ya chumvi, hugeuka fedha kloridi, ambayo huyeyuka kwa shida sana. Meza ya kukatia nyama ina vyote viwili, pamoja na mafuta yanayozifunika chembe. Sababu ya pili ni mazingira ya kipimo. Kiwango cha kimataifa ISO 22196 huwaweka bakteria juu ya uso unaopimwa kwa saa 24, katika nyuzi 35 na unyevu usiopungua asilimia 90. Chumba cha baridi hakifanani na hali hiyo hata kidogo.

Watetezi husema kipimo kimoja kwa wote ndicho kinachowezesha bidhaa kulinganishwa. Ni kweli, lakini bidhaa kuishinda nyingine maabara hakuthibitishi kwamba itamlinda mlaji. Isitoshe, utafiti uliochapishwa 2018 katika jarida la Nature Nanotechnology ulionyesha kuwa E. koli waliozoeshwa dozi hafifu za chembe za fedha hutoa flajelini, protini ya mikia yao, ambayo huzigandisha chembe hizo pamoja. Kupaka fedha kila ukuta ni kuwazoesha bakteria ukaidi.

Kwa hiyo fedha ipewe nafasi pale ambapo maji ya kuoshea hupita lakini brashi haifiki, kama ndani ya maungio ya mabomba. Nayo mashirika ya viwango ya Afrika Mashariki yamdai mwuzaji matokeo ya kipimo kilichofanywa katika nyuzi 4, juu ya uso wenye mafuta na maji ya chumvi, uliokwisha kuoshwa mara nyingi kwa sodiamu haidroksaidi na asidi. Asiyekuwa nayo aendelee na utafiti; cheti kimsubiri.